Maana ya "imara" kwenye vitu vya kuchezea mbwa

Pakiti ya kitu cha kuchezea mbwa ikiandikwa "imara", wengi tunasoma "kigumu". Mimi nilisoma hivyo. Tomi, mbwa wangu asiyetulia hata dakika tano, alikuwa ameshamaliza midoli miwili ya kitambaa, nikamletea mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani nikijua huo hautaisha leo wala kesho. Kweli haukuisha. Siku ya tatu nikaona anatafunia upande mmoja tu. Nilipompanua mdomo nikakuta gego kubwa la juu limebanduka kipande bapa ubavuni, na katikati pana doa jekundu. Hicho chekundu ni kiini cha jino, penye damu na mishipa ya fahamu. Daktari wa mifugo aliling'oa.

Kwa mbwa, kitu imara ni kile kinachokubali jino: kinabonyea, kinanesa, kisha kinarudia umbo lake bila kumeguka. Mbwa mzima ana meno 42, na magego yake makubwa hupishana kama mkasi. Kikiingia kitu kisichobonyea, kama mfupa mzito, kwato au pembe, kinachoshindwa ni jino. Kipimo chake ni ukucha wako wa kidole gumba. Bonyeza. Ukiona ukucha unaingia kidogo, sawa. Ukihisi unabonyeza jiwe, kirudishe ulikokitoa.

Kong, kile kidude cha mpira chenye umbo la mafungu matatu yaliyopandana, kilipatikana kwa njia hiyohiyo. Miaka ya 1970 huko Colorado, Marekani, Joe Markham alikuwa na mbwa mchungaji wa Kijerumani, Fritz, aliyeguguna mawe mpaka meno yakalika. Siku moja Markham alikuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, akawa anamrushia Fritz vipuri ili aachane na mawe. Kimoja kilikuwa kipande cha mpira cha sasipensheni, na hicho Fritz hakukiachia tena. Leo chekundu ni cha mbwa wa kawaida, cheusi ni cha watafunaji wakali. Ndani kina uwazi, na hapo ndipo penye faida kubwa kwa mbwa mwenye nguvu nyingi: shindilia ugali na dagaa, naye atahangaika kulamba na kusukuma mpaka achoke. Mbwa aliyechoka akili haendi kutafuna mguu wa kochi.

Sasa usikimbilie kukata tairi kuukuu kwa kuwa nalo ni mpira. Matairi mengi yana nyuzi za chuma ndani, na zikitokeza huchoma fizi. Ndala iliyochakaa nayo inamfundisha kwamba ndala zote ni zake, kwani harufu ya miguu yako ni ileile. Gunzi la mahindi ni hatari zaidi, maana linamezwa vipande na kukwama kwenye utumbo. Kamba inafaa kwa kuvutana ukiwa naye, kisha iondoe, kwa sababu nyuzi zilizomezwa zinaweza kukunjakunja utumbo na hata kuukata. Mpira wa tenisi ni wa kurusha na kuokota tu. Manyoya yake hushika mchanga, na akikaa nao kuuguguna unamsugua meno kama msasa.

Ukubwa pia ni sehemu ya uimara. Kitu kinachoweza kupita nyuma ya magego kitaziba koo hata kama hakipasuki kamwe. Mpira wenye uwazi ndani uwe na matundu mawili, kwa kuwa wenye tundu moja unaweza kunyonya ulimi ukanasa. Mtoto wa mbwa, ambaye meno yake 28 ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miezi minne hivi, apewe mpira laini zaidi.

Cha Tomi nakikagua kila ninapokiosha. Kikianza kuachia vipande vya kumezeka, kinakwenda jalalani, hata kama nilikinunua mwezi uliopita.