Nyati Maji na Misimu ya Mwaka: Maswali na Majibu

Nyati tunaowazungumzia hapa ni wale wa kufugwa, nyati maji, hasa wa aina ya Murrah wanaotoka jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Huko kiangazi cha Aprili hadi Juni joto linaweza kupita nyuzi 45, mvua za monsuni hunyesha Julai hadi Septemba, na usiku wa Januari baridi hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri. Mwili wa nyati hubadilika pamoja na misimu hiyo.

Nyati ni mnyama wa nchi za joto. Mbona jua linamtesa kuliko ng'ombe?

Ngozi yake ni nyeusi, kwa hiyo inafyonza joto la jua. Ina vinyweleo vichache, na tezi zake za jasho ni chache mno zikilinganishwa na za ng'ombe. Weusi huo unamkinga na miale mikali ya jua, na mafuta ya ngozi yake huyeyuka wakati wa joto yakaifanya ing'ae na kurudisha sehemu ya mwanga. Lakini joto likishaingia mwilini, jasho pekee haliwezi kulitoa.

Nyati mzima akiwa kivulini huwa na joto la mwili la nyuzi 38 hivi au zaidi kidogo. Mfunge juani mchana wa Mei, litapita 40. Atahema haraka, kisha atafungua mdomo na kutoa udenda. Kuhema huko kunaondoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, na uwiano wa asidi kwenye damu unavurugika. Usagaji wa chakula tumboni nao huzalisha joto, kwa hiyo mwili unajilinda kwa kupunguza hamu ya kula, na tezi ya shingoni inapunguza homoni zake. Hapo ndipo maziwa yanapopungua. Mfugaji hudhani majani ni mabaya, kumbe mnyama anajinusuru.

Kugaagaa kwenye maji ni starehe tu?

Hapana, ni tiba. Maji hubeba joto kutoka kwenye ngozi haraka kuliko hewa, na tope linalobaki mgongoni huendelea kupoza huku likizuia nzi. Pasipo na bwawa, mmwagie maji mara kadhaa mchana, chini ya kivuli chenye upepo au feni.

Nyati hashiki mimba kiangazi chote. Je, ni tasa?

Swali hili linaniuma, kwa sababu wako nyati wazima wanaouzwa kwa mchinjaji mwezi Juni kwa kuitwa tasa. Kabla ya kuamua hivyo, tazama kalenda.

Wakati wa joto kali homoni ya prolaktini hupanda, na zile zinazoendesha mayai na kutunza mimba hushuka. Nyati wengine huacha kabisa kuhitaji dume. Wengine huhitaji, ila kimyakimya. Ng'ombe wanaohitaji dume hupandiana, hata mtoto akawaona. Nyati jike hawana sana tabia hiyo. Dalili zao ni ndogo na hujitokeza zaidi usiku na alfajiri: kukojoa mara kwa mara, uke kuvimba kidogo, kugoma kushusha maziwa. Ingia bandani na tochi kabla ya kukamua, umulike mkia na mahali alipolala. Ukiona ute mwembamba unaong'aa, mpigie mtaalamu wa uhimilishaji, yaani wa kupandikiza mbegu za dume, asubuhi hiyohiyo.

Kwa hiyo ni joto peke yake?

Urefu wa mchana pia unahusika. Usiku ukirefuka, ubongo hutoa homoni ya melatonini nyingi zaidi, na kwa nyati hiyo ni ishara ya kuanza kushika mimba. Ndiyo maana kaskazini mwa India wengi hushika mimba Oktoba hadi Februari. Mimba huchukua siku 310 hivi, kwa hiyo ndama wengi huzaliwa kati ya Agosti na Desemba.

Wafugaji wa Campania nchini Italia wanaijua vizuri kanuni hii. Jibini lao la mozzarella hutakiwa sana wakati wa joto, ilhali nyati wakiachwa wenyewe huzaa wakati wa baridi ukikaribia. Basi huwatenga mafahali miezi ya usiku mrefu, wakawarudisha siku zinapoanza kurefuka. Mbinu hiyo ina gharama yake, maana mimba changa hupotea zaidi. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, malisho na joto ndivyo vinavyoamua.

Mvua ikinyesha, shida imekwisha?

Joto linapungua, unyevu unapanda. Hewa ikijaa unyevu, maji kwenye ngozi hayakauki, na kumwagia bila upepo husaidia kidogo tu. Huu pia ni msimu wa ugonjwa wa bakteria aitwaye Pasteurella multocida: homa kali, koo kuvimba, pumzi za shida, na kifo ndani ya siku moja au mbili. Chanjo itolewe kabla ya mvua.

Na baridi?

Nyati mkubwa huivumilia akila vya kutosha. Hatari iko kwa ndama, ambao mapafu yao hushambuliwa upesi. Wafugaji wa Haryana huwafunika nyati magunia usiku. Tandiko likauke, na upepo usipite chini ya mlango.

Je, mbogo wa Serengeti ni vivyo hivyo?

Ni spishi nyingine. Naye hupenda kivuli na tope, lakini kuzaa kwake hufuata mvua na majani.

Nifanye nini nikimkuta anahema mdomo wazi?

Mtoe juani polepole, usimkimbize. Mpe maji ya kunywa, mmwagie mwili mzima, ruhusu upepo. Kama joto la mwili limefika 41, au anayumba, au hainuki, mwite daktari wa mifugo huku ukiendelea kumwagia.