Fedha Zisizo na Masharti: Maana Yake kwa Shirika Dogo la Kusini

Fedha zisizo na masharti ni fedha ambazo shirika lisilo la kiserikali linaweza kuzitumia kwa kazi yoyote iliyo ndani ya malengo ya katiba yake, bila kumwomba kibali aliyezitoa kila linapotaka kuhamisha kiasi fulani kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine. Kinyume chake ni ruzuku ya mradi, ambayo huja na andiko la mradi, bajeti na mkataba, na ambayo salio lake likibaki benki mradi unapokwisha, kwa kawaida hurudishwa kwa mfadhili au hutumika kwa ridhaa yake. Viongozi wa mashirika madogo ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, hupenda kuulizana nani amepata ruzuku kubwa zaidi mwaka huu. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: katika fedha zote ulizonazo, ni kiasi gani unaweza kukitumia kesho bila kumwandikia mtu barua?

Tuchukulie shirika la watu watano wilayani Newala linalosaidia watoto wenye ulemavu wabaki shuleni. Limepata ruzuku ya shilingi milioni 40 kwa mwaka mmoja, na bajeti iliyoidhinishwa inalipia viti mwendo, mafunzo ya walimu, nauli za wazazi na posho ya mratibu. Pango la ofisi, ambalo ni shilingi laki mbili kwa mwezi, halimo. Wala umeme, bando la intaneti, mhasibu wa muda, ukaguzi wa hesabu na ada ya mwaka ya Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Pango peke yake ni shilingi milioni 2.4 kwa mwaka. Shirika hilo lina mamilioni benki na halina cha kumpa mwenye nyumba. Kinachofuata wengi wanakijua: ama mwenyekiti analipa kutoka mfukoni mwake hadi achoke, ama mtu anaandika stakabadhi ya nauli ya safari ambayo haikufanyika. Hilo la pili ni udanganyifu usio na utetezi, na mkaguzi akiligundua shirika hupoteza mfadhili na jina pia. Lakini chanzo chake mara nyingi ni bajeti iliyoandikwa kana kwamba ofisi hujiendesha yenyewe.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kutafutia fedha za uendeshaji ni ndani ya andiko lenyewe. Mashirika madogo huogopa kuweka kifungu cha gharama za uendeshaji yakidhani mfadhili atakasirika, ilhali wafadhili wengi wana kiwango wanachokikubali na hawakitoi kwa asiyekiomba. Serikali ya Marekani, kwa mfano, kwa miaka kadhaa iliruhusu mpokeaji wa ruzuku asiye na kiwango alichokubaliana nayo kudai, kwa ajili ya uendeshaji, asilimia 10 ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja za mradi, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 15. Miezi michache baadaye, Januari 2025, serikali hiyohiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika katika nchi nyingi yakajikuta na mikataba halali isiyolipwa. Kifungu cha uendeshaji, hata kikiwa kinono, hufa pamoja na mradi.

Ndiyo maana fedha zinazotoka kwa watu wa hapahapa, ingawa ni kidogo, zina uzito usiolingana na kiasi chake. Kwa upande wa Kusini, kuzipata ni suala la kalenda. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kwa kuwa mauzo hupitia stakabadhi ghalani, yaani mzigo hutunzwa ghalani hadi uuzwe mnadani, chini ya vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU, TANECU na RUNALI, mkulima hapokei fedha siku anayopeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, bali baada ya mnada na malipo kuingia kwenye akaunti yake. Anayeomba mchango Machi au Aprili anaomba kwa mtu ambaye huenda ameshaanza kukopa. Anayeomba Novemba na Desemba anamkuta mtu mwenye uwezo wa kuamua, ilimradi awahi kabla ya ada na sare za shule za Januari. Kwa wilaya zinazolima ufuta kwa wingi, hasa za Lindi, kuna dirisha jingine katikati ya mwaka. Sishauri hata kidogo shirika litafute njia ya kuongezwa kwenye makato ya korosho. Mkulima ana makato ya kutosha, na fedha iliyokatwa bila hiari yake haimfanyi kuwa mchangiaji.

Namna ya kuomba nayo hatuna haja ya kuiagiza kutoka nje. Kamati ya harusi hugawa kadi, huandika ahadi, humteua mweka hazina, na huwapigia simu walioahidi hadi wamalize. Shirika nalo linahitaji orodha ya majina, kiasi kilichoahidiwa, tarehe, namba ya kulipia iliyosajiliwa kwa jina la shirika wala si la mkurugenzi, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukumbusha. Watu 100 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, hiyo ni shilingi 200,000, yaani pango lote la ofisi ya Newala.

Kutokuwa na masharti hakumaanishi kutokuwa na hesabu. Fedha hizi huandikwa katika safu yake kwenye daftari, mbali na za kila mradi, na huingia katika taarifa ya mwaka inayopelekwa kwa Msajili kama fedha nyingine zote. Matumizi yake huidhinishwa na bodi, si na mtu mmoja, na wachangiaji wanapaswa kuambiwa kwa maneno ya wazi kwamba mchango wao umelipia pango, umeme na mhasibu. Wapo watakaonung'unika kwamba walitaka fedha yao inunue kiti mwendo. Hao waonyeshwe hesabu: kiti kilinunuliwa kwa ruzuku, na bila ofisi pasingekuwa na mtu wa kuiomba ruzuku hiyo wala wa kukipokea kiti.