Mbona watu wanamlilia mwanamuziki wa roki ambae hata hajawahi kuwajua?

Siku moja nilikuwa napita Shangani, Kenyatta Road, mchana jua limesimama, nikamkuta mama wa kizungu mtu mzima kasimama nje ya makumbusho ya Freddie Mercury analia. Na si yale machozi ya kufuta kwa ncha ya mtandio, analia kwelikweli, mabega yanatikisika. Kijana mmoja muuza viungo akanisogelea, eti, "huyu kafiwa?" Nikamwambia ndio. "Na nani?" Na mtu alokufa 1991. Akaniangalia kama nimemtania.

Lakini suali lake zuri tu. Freddie, kwa asojua, ni mtoto wa hapahapa, kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Waparsi, babaake mtu wa hesabu kwenye serikali ya Muingereza. Akapelekwa skuli ya bweni India, akarudi, ikaja 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza na huko ndo 1970 akaanzisha bendi ya roki ya Queen na wenzake. (Nyumba ipi hasa alokaa hapa Mji Mkongwe wenyewe tunabishana mpaka leo, hilo tuliwache.) Yule mama hakuwa dada yake, hakuwa jirani, pengine hata kumuona kwa macho hakuwahi. Sasa analia nini?

Jibu la mwanzo ni la zamani kidogo. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu watu wa redio na televisheni, kwamba msikilizaji anajenga nao urafiki, ila urafiki wa upande mmoja, wewe unamjua yeye hakujui. Mie hili sikuhitaji profesa kunifundisha maana bibi yangu mtangazaji wa redio akisema assalaamu alaykum alikuwa anamjibu, kila siku, kwa sauti, na siku alipokuja mtangazaji mwengine akauliza "yule kijana wangu yuko wapi, mgonjwa?" Hajamuona hata picha. Sauti ilokuwa inaingia nyumbani kwake kila asubuhi, hiyo kwake ni mtu wa nyumbani, basi.

Sasa toa redio ya bibi weka hedifoni, weka kijana wa miaka 15 kajifungia chumbani, na sauti moja inamwambia masikioni yale ambayo hathubutu kumwambia babaake. Roki ina hilo, yule muimbaji anapiga kelele kwa niaba yako, hasira zako, upweke wako, na wewe umekaa kimya kitandani watu wanakuona mtoto mtulivu. Halafu kuna hili la umri, watafiti wa kumbukumbu wamegundua watu wazima wakisimulia maisha yao wanayakumbuka zaidi mambo ya miaka yao kati ya 10 na 30 hivi, na nyimbo za wakati ule ndo zinaganda zaidi. Kwa hiyo yule akifa anakufa na chumba kile, na wewe wa wakati ule, na marafiki ambao saa hizi kila mtu na ndoa yake.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, Julai 2017 alipata habari kwamba Chester Bennington, muimbaji wa bendi ya roki ya Linkin Park, kajitoa uhai. Wanakaa Michenzani, ghorofani. Dogo hakula siku nzima. Mama mdogo akaja mlangoni, "kakutenda nini huyo msichana?" Hakuna msichana mama, kafa muimbaji. "Wa taarab?" Wa Marekani. "Wa Marekani! Na ndo chai hunywi?" Akaondoka anacheka, na dogo akafunga mlango na sidhani kama nimewahi kumuona mpweke kama siku ile. Alikuja kunambia baadae kilichomuuma zaidi, kwamba yule jamaa alikuwa anaimba maumivu yake waziwazi miaka yote na wao mashabiki yakawaponya wao, yeye hakupona.

Lakini mama mdogo huyohuyo, Bi Kidude alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, alilia mpaka macho yakavimba! Kamuona mara mbili tatu maisha yake yote, kwenye shughuli za watu, na ile ngoma yake. Hakuna alomcheka, kwa sababu mji mzima ulikuwa na msiba, watu wakafurika mazikoni, kaburi lipo Kitumba linajulikana, na ukikutana na mtu njiani unampa pole nae anakupa.

Hapo ndo mie naona jibu lenyewe lilipo. Sie msiba tuna mpango wake, jamvi linatandikwa, watu wanakuja wanampa mfiwa mkono, ubani unatolewa, hitma inasomwa, kila mtu anajua nani kafiwa na nani kaja kumliwaza. Shabiki wa roki ni mfiwa asokuwa na jamvi. Hana undugu na maiti, hakuna anaemletea uji, na akisema ana huzuni anachekwa. Kenneth Doka wa Marekani, mwaka 1989, aliyaandikia haya kama majonzi ambayo jamii haiyatambui, yaani unalia lakini wenzako wanaona huna haki ya kulia, na majonzi ya namna hiyo yanakawia kutoka kwa sababu hayana pa kutokea.

Na Freddie ndo mfano mkubwa. Tarehe 23 Novemba 1991 ilitolewa taarifa yake kwamba ana UKIMWI, kesho yake, tarehe 24, kafa, ana miaka 45. Mashabiki walipewa siku moja tu ya kujua kwamba mtu wao mgonjwa. Mazishi yakawa ya watu wachache, kwa taratibu za dini ya wazee wake za Kizoroastri, mwili ukachomwa, na majivu yakawekwa mahali ambapo Mary Austin, rafiki yake mkubwa, hajamtajia mtu mpaka leo. Kwa hiyo kaburi la kwenda kusimama hakuna. Wafanye nini? Wakaenda kwenye ukuta wa nyumba yake ya London wakaujaza maandishi na barua, miaka na miaka. Wanakwenda Montreux, Uswisi, kwenye sanamu yake iliyowekwa ukingoni mwa ziwa 1996. Na wengine ndo hao wanapanda ndege mpaka Shangani. Yule mama alikuwa anatafuta pa kukaa matanga.

Sifananishi dini na muziki jamani, msije mkanirukia, nafananisha kazi inayofanyika tu. Alipouawa John Lennon, yule wa bendi ya Beatles, kule New York, tarehe 8 Desemba 1980, mkewe Yoko Ono hakufanya mazishi ya hadhara, akawaomba watu popote walipo wakae kimya dakika 10, Jumapili ya tarehe 14, na maelfu kwa maelfu wakajaa Central Park wamesimama hawasemi kitu. Kama ile si jamvi sijui ni nini. Freddie nae, nyimbo yake Bohemian Rhapsody, ilowahi kuwa namba moja Uingereza 1975, ikatolewa tena Desemba 1991 ikarudi namba moja palepale, na pesa zikaenda kwa Terrence Higgins Trust wanaosaidia wagonjwa wa UKIMWI, yaani watu wametoa ubani kwa kununua santuri. Tarehe 20 Aprili 1992 wakakusanyika uwanja wa Wembley, London, kiasi cha watu 72,000, wasanii wakubwa wakaimba nyimbo zake, na yale maradhi ambayo wakati ule watu walikuwa wanayataja kwa kunong'ona yakatajwa mbele ya dunia nzima.

Na wanamuziki wana kitu chengine kigumu, sauti haifi. Ndugu yako akifariki nguo zake zinagaiwa, chumba kinapata mtu mwengine. Huyu unakaa kwenye daladala ya Mwanakwerekwe mara anakuimbia tena, hajazeeka hata siku moja.

Dogo wangu alikaa hivyo wiki nzima. Siku ya nane hivi tuko jikoni kwao tunakunywa chai, mama mdogo anageuza chapati, hajatuangalia, akauliza tu, "yule marehemu wako, kawacha watoto?" Sita, mama. Akazima jiko.

"Sita! Masikini, mayatima hao. Pole mwanangu."