Matabaka ya shaba hayaongezwi kama ghorofa
Nimeulizwa tena: ikiwa matabaka matatu ya shaba na oksijeni yanafikisha joto la mpito (joto ambalo chini yake kitu huwa supakondakta, yaani hupitisha umeme bila ukinzani) karibu kelvini 134, kama nyuzi 139 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa nini tusiweke kumi tupate supakondakta ya joto la kawaida? Dhana hii imenichosha, maana hata waliosoma wanairudia.

Tazama familia ya zebaki, yaani oksidi za shaba zenye zebaki. Tabaka moja hutoa kama kelvini 97, mawili 127, matatu 134. Hapo watu huchora mstari wa kupanda na kufunga daftari. Ongeza la nne, joto la mpito linashuka! Mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni ambazo hubeba umeme, hutoka upande wa zebaki, nje ya fungu la matabaka, kwa hiyo matabaka ya pembeni huyapata kwanza na ya ndani hupungukiwa. Tabaka likikosa mashimo ya kutosha, huelekea usumaku wake wa asili, ule wa spini (sumaku ndogo za elektroni) zinazopingana.

Na hilo tabaka moja lenyewe? Oksidi ya shaba ya lantani-strontiamu nayo ina moja, ila huishia kelvini 38 hivi. Katika zebaki, oksijeni ya kileleni, ile iliyo juu na chini ya tabaka, iko mbali zaidi na shaba, takriban angstromu 2.8 badala ya 2.4 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na tabaka limenyooka. Katika lantani limekunjamana, na strontiamu imejipachika jirani kabisa na tabaka, ikivuruga mpangilio. Kipi kati ya hivi ndicho kinachoshusha joto? Wataalamu bado wanabishana, kwa sababu ukigusa kimoja, vingine navyo vinasogea. Vitabu vingi hutaja umbali wa kileleni kana kwamba kesi imekwisha. Haijaisha.

Hata kwenye familia nyingine, supakondakta za chuma, wengi hutaja pembe kati ya aseniki, chuma na aseniki iliyo karibu na nyuzi 109.5. Ni dalili nzuri ya joto la mpito la juu, si sheria.

Kinachonigusa zaidi ni oksidi ya itriamu-bari-shaba. Chukua sampuli yenye upungufu wa oksijeni, ipooze ghafla kutoka kwenye tanuri, kisha iache mezani. Siku zinavyopita, oksijeni hujipanga katika minyororo mirefu zaidi, minyororo hiyo hupeleka mashimo kwenye matabaka, na joto la mpito hupanda. Hakuna atomu iliyoongezwa wala kutolewa. Kwa hiyo ukiniletea fomula peke yake ukitaka nikutajie joto la mpito, nitakuuliza kwanza uliipoozaje, na imekaa muda gani.