Mnunuzi wa farasi, mkute akiwa hajatandikwa

Ukifika kwa muuzaji ukakuta farasi ameshatandikwa na jasho limemtoka shingoni, omba urudi siku nyingine. Farasi mwenye maumivu ya viungo mara nyingi huanza kutembea akiwa amekakamaa, kisha mwili ukipata joto anaonekana mzima. Hutajua pia kama alikubali kukamatwa au alifukuzwa malishoni nusu saa. Sisi madaktari wa mifugo hupenda kumkuta bandani ametulia, tumpime kabla hajasumbuliwa. Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, naye huvuta pumzi mara 8 hadi 16.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza aina yake. Wana haki, ila aina hukuambia farasi alizalishwa kwa kazi gani, haikuambii hali yake leo. Farasi wa Kiarabu anasifika kwa kuvumilia safari ndefu. Thoroughbred ni wa mbio, na wengine huuzwa baada ya miguu kuumia mbioni. Shetland, kafarasi kanachopendwa na watoto, hunenepa upesi kwenye majani mabichi na kuugua kwato. Zipo pia kasoro za kurithi: baadhi ya Quarter Horse (aina ya farasi wa Kimarekani) wa ukoo wa dume aliyeitwa Impressive hubeba ugonjwa wa kutetemeka misuli unaoweza kuua. Nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha kupima vinasaba na kumaliza ubishi.

Umri husomwa menoni. Kwa kawaida farasi hutimiza meno ya mbele ya ukubwani akiwa na miaka 5; baada ya hapo makadirio hupungua uhakika kadiri anavyozeeka, kwa hiyo linganisha na hati zake.

Kwenye kwato ndipo ningependa ukae muda mrefu. Ziguse zote nne: moja ikiwa na joto kuliko nyingine, uliza kwa nini. Tazama mistari ya ukutani mwa kwato. Ikiwa imepanuka kuelekea kisigino na kubanana mbele, huenda aliwahi kupata uvimbe wa ndani ya kwato, na ugonjwa huo hurudi kwa urahisi. Kisha mtu amkimbize polepole akiwa ameshika kamba iliyolegea, kwenye ardhi ngumu iliyonyooka. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa huinuka. Ule mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Hata asiye mtaalamu anaweza kuliona hilo akitulia.

Dawa ya maumivu kama fenilibutazoni inaweza kuficha haya yote kwa siku kadhaa. Ndiyo maana tunashauri damu itolewe siku ya ukaguzi na kuhifadhiwa, ipimwe iwapo farasi ataanza kuchechemea baadaye. Daktari wa kumkagua farasi awe wa kwako, si yule anayemhudumia muuzaji siku zote.

Nawe muuzaji, kama farasi hung'ata mbao, hupiga teke au aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, andika kwenye mkataba. Na mtu asiyejua kupanda akija kutaka farasi wa miaka 3 ambaye mafunzo yake hayajakamilika, tafadhali mkatalie, hata kama fedha anazo mkononi. Tumewatibu farasi walioharibika tabia kwa kununuliwa hivyo, na wapandaji wao wameumia vibaya.

Akishafika kwako, mtenge na wenzake kwa wiki 3, na ndoo yake ya maji isitumiwe na mwingine. Ugonjwa wa matezi ya koo huenea kwa kamasi, vyombo na mikono ya mhudumu, na farasi anaweza kuubeba kabla ya usaha kuonekana. Mpime joto kila asubuhi. Likipita nyuzi 38.5 akiwa amepumzika, mwite daktari siku hiyohiyo.