Nia si azimio lililolegezwa

Kila Desemba inapokaribia kwisha, makundi ya WhatsApp yanapokea ujumbe uleule: "Mwaka huu siweki maazimio, naweka nia." Mstari unaofuata unasema: "Nia yangu ni kununua kiwanja kabla ya Juni, kupunguza kilo 10 na kuacha soda." Hayo ni maazimio matatu, na moja lina hadi tarehe ya mwisho. Kilichobadilika ni jina.

Maana zenyewe ni fupi. Nia ni kusudi la moyoni linaloandamana na tendo. Azimio ni uamuzi uliokatwa leo kwa ajili ya jambo la baadaye. Lengo ni pale unapotaka kufika, na kwa kawaida lina kipimo. Mengi ya haya mnayajua, tusikae hapo.

Kinachonikera ni hii imani kwamba nia ni azimio la watu wapole. Kwamba ukiita azimio utaulizwa Machi limefika wapi, lakini ukiita nia hakuna wa kukuuliza, maana "ilikuwa nia tu". Mtu yeyote aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani atashangaa kusikia maneno "nia" na "tu" yamewekwa pamoja. Hadithi, yaani kauli ya Mtume, iliyo ya kwanza kabisa katika mkusanyiko wa Bukhari, aliyoipokea Umar bin Khattab, inasema matendo ni kwa nia, na kila mtu atapata alichokinuia. Yaani tendo lenyewe linasubiri nia ndipo lihesabiwe.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na lilikuja na sheria zake. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, wanaeleza kwamba nia ni kulikusudia jambo pamoja na kulitenda. Kisha wanaongeza kipande ambacho ndicho nilichokuwa nakiendea: kusudio likitangulia na tendo likachelewa, hilo haliitwi nia, linaitwa azma. Na azma na azimio ni watoto wa mzizi mmoja. (Hazina udugu na kuazima, ingawa ukisoma orodha za Januari utaona nyingi zimeazimwa kwa jirani.) Kwa hiyo mgawanyo ambao watu wanadhani wameugundua mwaka jana ulikuwa umeshafanywa zamani sana, na umekaa ndani ya Kiswahili tunachokisema kila siku. Anayesema usiku wa tarehe 31 Desemba kwamba Juni atanunua kiwanja ana azma. Nia bado hana, na si kwa sababu ni mzembe. Tendo lenyewe halijaanza.

Tazama mtu anavyotawadha. Nia inatakiwa iwepo pale maji yanapogusa uso, kiungo cha kwanza cha faradhi. Akiosha uso huku akiwaza nauli ya daladala, akafika kwenye mikono ndipo akakumbuka kwamba anatawadha, anarudi usoni na kuanza upya. Maji ni yaleyale, bomba ni lilelile, na kwa macho ya aliyesimama pembeni hakuna kilichopungua. Vivyo hivyo aliyeshinda njaa tangu alfajiri hadi magharibi kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu, na Januari wapo wengi, hana saumu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya nia: kutenganisha ibada na mazoea, kuoga josho na kuoga kwa sababu ya joto. Haipimi umefika umbali gani. Inasema unachokifanya sasa hivi ni kitu gani.

Saumu ya faradhi imepewa ruhusa yake. Kuvizia alfajiri ili nia ikutane nayo sawasawa ni tabu, basi nia hutiwa usiku. Lakini angalia ruhusa inavyobanwa: usiku mmoja kwa siku moja. Mtoto hufundishwa mapema kutamka nawaitu sauma ghadin, nimenuia kufunga kesho. Kesho, hakuambiwa mwezi. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu mengine, wanaona nia moja ya mwanzo wa Ramadhani inatosha kwa mwezi mzima wa mfululizo; kwetu unarudi kunuia kila usiku. Wa kunuia mara moja kwa siku 365 sijamwona katika madhehebu yoyote.

Watetezi wa mtindo huu mpya watasema wao hawakuutoa msikitini. Ni kweli. "Kuweka nia" kwa mwaka mpya kumetufikia kutoka kwenye madarasa ya yoga ya Ulaya na Marekani, na huko nyuma kunaegemea neno la Kisanskriti, sankalpa. Sawa, twende huko. Mhindu anapoanza ibada yake huchukua maji kiganjani, akataja siku, mahali alipo, jina lake na ibada anayotaka kuifanya, kisha akayamwaga maji na kuanza. Kuanza hapohapo. Nako ulegevu haupo.

Azimio, kwa upande wake, limesingiziwa ukali na watu wasiojua chanzo chake. Ni neno la mkutano. Lina wajumbe, lina mwandishi, linasomwa watu wakisikia. Azimio maarufu kuliko yote katika lugha hii, Azimio la Arusha, nalo lilikuwa la Januari: Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari likatangazwa. Kiongozi asiwe na hisa, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ikakaa Zanzibar na masharti hayo yakalegezwa. Azimio hulegezwa na azimio jingine, na hakuna aibu ndani yake. Vikao ndivyo vilivyo. Nia haina kikao. Mahali pake ni moyoni, na kuitamka kwa ulimi ni kuusaidia moyo.

Siasa hiyohiyo ndiyo iliyozidi kutuchanganya, kwa kuwa kila uchaguzi ukikaribia tunawaita "watia nia" wale wanaotangaza kwamba watagombea, hata fomu hawajachukua. Kwa kipimo cha fikihi hao ni wenye azma, na wengine ni wenye matumaini. Neno limeshazoeleka na silipigi vita. Ila ndilo lililotufanya tuone nia kuwa kitu cha kutangaziwa watu, kwa picha na tarehe.

Basi aliyeandika juu ya kiwanja na kilo 10 hajatenda kosa kubwa. Aseme "nimeazimia", ni neno zuri, wala halimfungi kuliko alivyojifunga mwenyewe kwa kutaja Juni. Zile kilo 10 aziite lengo, maana zina mizani. Kuhusu soda, akishika glasi ya maji mbele ya friji la duka na kujua kwa nini ameishika, hapo amenuia, na kesho dukani atanuia tena. Kiwanja nacho kitapata nia siku atakapokwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza mwenye eneo ni nani na kama lina mgogoro. Kabla ya hapo, "nina azma" inatosha, na Kiswahili chake kitakuwa sahihi.