Uso wa Garbo, taa ya Daniels

Wakikutana wapenzi wa sinema za zamani za Hollywood, chai haijapoa mmeshafika kwenye ubishi uleule: Greta Garbo na Marlene Dietrich, nani zaidi? Mmoja ataapa kwamba baada ya Garbo hajazaliwa mwingine. Mwenzake anamtetea Dietrich utadhani ni shemeji yake. Mimi kazi yangu ni taa, nafunga taa kwenye seti za tamthilia na matangazo hapa Dar es Salaam, na kura yangu huwa naipeleka kwa watu ambao hata hawatajwi kwenye ubishi huo: William Daniels na Lee Garmes.

Daniels alikuwa kameramani wa studio ya MGM. Alimpokea Garbo tangu filamu yake ya kwanza pale, mwaka 1926, akaendelea kumpiga picha katika nyingi alizocheza, mpaka Ninotchka ya 1939. Garmes alikuwa studio ya Paramount, na ndiye aliyempiga Dietrich katika Morocco ya 1930 na Shanghai Express ya 1932, hii ya pili ikampatia Oscar. Kwa wasiojua, kule kameramani mkuu hakuwa mtu wa kushika mashine tu. Yeye ndiye aliyeamua taa ikae wapi, kivuli kiangukie wapi, na kipi kisionekane kabisa.

Siwapunguzii sifa mabibi hao wawili. Uso mzuri bila kipaji hauwezi kubeba filamu nzima, na Hollywood ilijaa nyuso nzuri zilizopotea baada ya filamu mbili. Ninachosema ni kwamba huo tunaouita "uso wa Garbo" ulitengenezwa upya kila picha, na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, kwa ajili ya studio iliyomfunga nyota mkataba wa miaka na kumlinda kama mali.

Tuanze na ukanda wenyewe wa filamu, ule unaopitishwa ndani ya kamera, maana bila huo taa haieleweki. Mpaka katikati ya miaka ya 1920, filamu nyingi zilipigwa kwa ukanda ambao haukuiona kabisa rangi nyekundu. Ulipokea buluu na kijani, basi. Midomo yenye rangi nyekundu ilitoka nyeusi. Mashavu yenye wekundu kidogo yalionekana machafu. Macho ya buluu yalipauka mpaka mtu akaonekana kipofu, na mbingu ikawa nyeupe tupu. Ndiyo maana waigizaji wa enzi za filamu bila sauti walipakwa unga mzito usoni. Hawakuwa wanajipamba, walikuwa wanausahihisha ukanda.

Kodak walikuwa wameshaanza kuuza ukanda mwingine, unaoona rangi zote ukiwemo wekundu, lakini ulikuwa ghali na wengi hawakuona haja. Kilichosukuma mambo kwa sehemu kubwa ni sauti. Mwaka 1927 Warner Bros. walitoa The Jazz Singer, na ndani ya muda mfupi kila studio ikataka filamu zinazoongea. Tatizo likawa taa. Taa kubwa za wakati ule, za miali ya kaboni, zilikuwa zinaunguruma, na maikrofoni ilinasa kila mngurumo. Studio zikageukia balbu kubwa za waya, ambazo ziko kimya. Ila mwanga wa balbu za waya umejaa wekundu, wekundu uleule ambao ukanda wa zamani hauuoni. Basi ukanda mpya ukawa lazima. Mwaka 1928 Akademia ya Hollywood iliandaa majaribio ya pamoja ya taa hizo, na Max Factor, mtengeneza vipodozi wa Los Angeles, akaja na vipodozi vipya vilivyolingana na ukanda huo.

Yaani maikrofoni ndiyo iliyobadilisha nyuso za waigizaji. Hili huwa halisemwi. Watu husimulia kuhusu nyota wa kimya walioangushwa na sauti zao, na wanaishia hapo. Kwangu mimi habari kubwa ni kwamba kuanzia hapo ngozi ilipata daraja nyingi za kijivu kati ya nyeupe na nyeusi, na mtu wa taa akapata cha kuchezea.

Sasa turudi kwa Dietrich. Tazama The Blue Angel, aliyoigiza Berlin na kutoka 1930, halafu tazama Shanghai Express. Miaka miwili tu imepita, mwongozaji ni yuleyule Josef von Sternberg, lakini uso si ule. Wa kwanza ni mpana, una mashavu ya msichana aliyeshiba. Wa pili ni mwembamba, mashavu yamebonyea, kope zinalala nzito. Watu wamesema mengi, kwamba alikonda, kwamba aling'olewa meno ya nyuma. Mimi nakuonyesha taa.

Unaweza kujaribu nyumbani. Zima taa zote, mkalishe mtu kwenye kiti, kisha shika balbu moja mbele yake, katikati kabisa, sawa na pua. Ianze usawa wa macho: uso unakuwa bapa, wa mviringo, hauna mfupa. Sasa ipandishe taratibu. Kivuli kidogo kinaanza kuchomoza chini ya pua. Ukiendelea, kivuli kile kinatanua mbawa mbili ndogo juu ya mdomo, kama kipepeo, na hapohapo mashavu chini ya mfupa yanaanza kuingia ndani ingawa mtu hajapungua hata gramu. Hapo simama. Ukipandisha shubiri moja zaidi, macho yanatumbukia gizani na unabaki na fuvu. Ukisogeza pembeni kidogo, kivuli cha pua kinaangukia shavuni na kipepeo kimekufa.

Taa hiyo mafundi waliipa jina la studio, taa ya Paramount. Ina ubaya wake: muigizaji hana ruhusa ya kutikisika. Akiinamisha kichwa kidogo, kila kitu kinavunjika. Ndiyo maana Dietrich katika filamu zile anasimama tuli, anainua uso, anaongea polepole. Wachambuzi huliita hilo fumbo la tabia yake. Sehemu ya fumbo, nadhani, ni nidhamu ya mtu anayejua taa yake iko wapi. Inasimuliwa kwamba baadaye, alipoachana na Sternberg kikazi baada ya filamu yao ya saba mwaka 1935, alitaka awekewe kioo karibu na kamera ili akague kivuli cha pua mwenyewe. Mafundi walimheshimu kwa hilo, na nina hakika wengine walimchukia.

Garbo ni kesi nyingine. Yeye hakuhitaji kubonyezwa mashavu, mifupa alikuwa nayo. Mfano wangu ni picha ya mwisho ya Queen Christina ya 1933, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Malkia amesimama mbele ya meli, kamera inaanzia mbali na kusogea moja kwa moja mpaka uso unajaza skrini. Mamoulian alimwambia asifikirie chochote, uso uwe karatasi tupu, mtazamaji aandike mwenyewe. Hadithi hiyo kila mpenzi wa Garbo anayo. Ila kulikuwa na tatizo la kiufundi lililokaribia kuua picha hiyo. Enzi hizo uso wa mwanamke katika klozapu ulipigwa kupitia kioo au kitambaa chembamba kinacholainisha ngozi. Ukitumia kilainishi hicho kwa mbali, picha inakuwa ukungu. Usipokitumia karibu, unaona kila tundu la ngozi. Na hii ilikuwa picha moja isiyokatwa, ya mbali na ya karibu humohumo. Mamoulian akakumbuka zile taa za zamani za kuonyesha picha za vioo. Akatengenezewa ukanda mrefu wa kioo, upande mmoja mwangavu, upande wa pili umelainishwa, na kati yake unabadilika kidogokidogo. Kamera ikisogea, kioo nacho kinatelezeshwa mbele ya lenzi. Ukitazama leo huoni kitu, na hapo ndipo ujuzi ulipo.

Wanaume hawakufanyiwa hivyo, au walifanyiwa kwa uchache. Chukua Casablanca ya 1942. Arthur Edeson anamlainisha Ingrid Bergman kwa kitambaa na kumtilia vijinyota vidogo vya mwanga machoni, kisha picha ya Humphrey Bogart inayofuata ni kavu, ina makunyanzi yote. Steringi aruhusiwe kuzeeka, mpenzi wake hapana. Claudette Colbert naye alikubali kupigwa upande wa kushoto tu, mpaka mafundi wakauita upande wake wa kulia upande wa giza wa mwezi. Seti zilijengwa kwa kufuata pua yake. Ndiyo, milango ilihamishwa.

Anayenisumbua zaidi ya wote ni muigizaji Merle Oberon. Mwaka 1937, London, alipata ajali ya gari wakati wakipiga filamu ya I, Claudius, iliyokuwa ikiongozwa na Sternberg yuleyule, na filamu ikaachwa bila kumalizika. Ajali ilimwachia makovu usoni. Miaka michache baadaye, katika The Lodger ya 1944, kameramani Lucien Ballard alimbunia taa ndogo inayokaa juu ya lenzi, imeigusa kabisa. Akili yake ni rahisi: kovu linaonekana kwa sababu lina kivuli. Mwanga ukitoka palepale jicho la kamera lilipo, kivuli kinajificha nyuma ya kitu chenyewe, kamera haikioni. Taa hiyo mpaka leo tunaiita Obie, kutokana na jina la Oberon, na mimi natumia mjukuu wake wa LED karibu kila wiki. Ballard na Oberon walifunga ndoa mwaka 1945.

Ila Obie ilikuwa na faida ya pili. Iliupausha uso. Na Oberon alikuwa na sababu ya kupenda hivyo, kwa kuwa alizaliwa Bombay mwaka 1911 katika familia yenye damu ya Asia Kusini, akaishi maisha yake yote akisema amezaliwa Tasmania. Ukweli ulikuja kujulikana na wengi baada ya kifo chake mwaka 1979. Waandishi wa maisha yake wanataja pia vipodozi vya kujichubua vilivyomharibu ngozi. Mkorogo, kwa hiyo, na Hollywood nayo ilikuwa nao. Kwa filamu yake ya 1935 alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar ya muigizaji bora wa kike. Laiti ukweli ungejulikana siku hizo, hata kazi ya kumtongoza steringi mweupe kwenye skrini ingekuwa mashakani.

Hapa ndipo ubishi wa nani mrembo unanichosha, kwa sababu haugusi nani alipewa taa. Kamera inapimwa kwa uso mmoja. Kameramani akishapima mwanga kwa nyota mweupe, mtu mweusi aliyesimama pembeni yake, aghalabu kijakazi mwenye sahani, anabaki na mwanga usiomtosha. Ngozi nyeusi haihitaji kuchomwa na taa kali, hilo ndilo kosa la wengi hata leo. Inataka chanzo kikubwa cha mwanga, mwanga uliogongeshwa kwenye kitambaa au ubao mweupe, ili uteleze juu ya ngozi na kuchora mfupa. Ufundi huo ulikuwepo mwaka 1935. Haukutumika kwa sababu hakuna aliyeuagiza.

Lena Horne, mwimbaji na muigizaji mweusi, aliingia MGM mwaka 1942. Nyimbo zake ziliwekwa kando na hadithi, ili majumba ya sinema ya majimbo ya kusini yaweze kuzikata bila filamu kuharibika. Uonevu mtupu. Lakini kwa jicho la mtu wa taa kuna kitu cha ajabu: anapoimba peke yake, kamera imepimwa kwa ajili yake, na anang'aa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kampuni ya Max Factor ilimtengenezea kipodozi maalumu, kisha kipodozi hichohicho kikaja kupakwa waigizaji weupe walipochukua nafasi za wanawake chotara. Katika Show Boat ya 1951, nafasi ya Julie, mwanamke chotara, alipewa Ava Gardner, mweupe, ingawa Horne alishaimba kama Julie katika kipande cha filamu ya 1946. 

Filamu za rangi zilipoenea, mambo hayakubadilika haraka. Taa zilizidi kuwa kali, na ngozi nyeusi ikawa inameremeta jasho badala ya kuonekana. Filamu ninayowaonyesha vijana wangu wa taa ni In the Heat of the Night ya 1967. Kameramani ni Haskell Wexler. Aliona kwamba taa za kawaida zinamtupia Sidney Poitier mng'ao mkali usoni, akazipunguza makali na kuzilainisha. Wengi huitaja kama filamu kubwa ya kwanza ya rangi ya Hollywood iliyomulikwa kwa kumfikiria muigizaji mweusi ipasavyo. Simamisha picha pale Poitier na Rod Steiger wanapokuwa pamoja ndani ya kituo cha polisi. Nyuso mbili za rangi tofauti, fremu moja, na zote mbili unazisoma mpaka machoni.

Filamu hiyo ilichukua Oscar ya filamu bora na Steiger akapata yake ya muigizaji bora. Poitier hakuteuliwa, wala Wexler.